Langas Haizimwi

Jumapili iliyopita tulimwacha Amondi amesimama mbele ya ramani ya Eldoret, na kwenye ramani hiyo mitaa miwili imepakwa rangi nyekundu. Langas na Yamumbi.

Aliyechelewa asiwe na wasiwasi, habari yenyewe si ndefu. Amondi Omollo ni mkuu wa data katika Wahisha, kampuni inayobeba wajawazito na wagonjwa hadi hospitalini. Mtu anapiga simu au anabonyeza app, mfumo unatafuta dereva aliye karibu, na gari au tuktuk inafika mlangoni. Mfumo huo Amondi aliujenga kuanzia msingi, wakati Wahisha ilikuwa chumba kimoja juu ya duka la mbegu. Sasa kampuni ina ghorofa nzima, madereva wake wanafika hadi Kaptagat, na wawekezaji wa Nairobi wamemtuma Bwana Wabuge aje kuwa mkurugenzi wa shughuli.

Uchaguzi wa Agosti ulikuwa umekaribia. Wabuge alitaka mitaa ile miwili izimwe hadi nchi itulie. Kuzima maana yake ni kwamba mtu wa Langas akiita gari, mfumo utamjibu hakuna gari.

Hapo ndipo tulipoachia.

"Amondi, hii si siasa," Wabuge alisema. "Hii ni data. Angalia ghasia za uchaguzi za 2008. Kulichomeka wapi?"

"Kulichomeka kwetu. Sihitaji ramani inikumbushe."

"Basi tunakubaliana."

"Hatukubaliani hata kidogo."

Mwisho wa meza alikaa Kibet, mwanzilishi wa kampuni. Amondi na Kibet walisoma darasa moja chuoni. Wazo la Wahisha lilikuwa la Kibet, lakini bila Amondi lingebaki maneno ya kantini. Siku hiyo Kibet alikuwa akizungusha kalamu mezani na hakumtazama mtu.

"Data gani hiyo ya 2008?" Amondi aliuliza. "Wahisha haikuwepo. Ulichopaka hapo ni vichwa vya habari za magazeti. Data niliyo nayo mimi ni ya safari zetu, na Langas ndiyo inatuita kuliko mtaa mwingine wowote."

"Kwa sasa."

"Haya, izime. Watu watapiga, watakataliwa, watachoka kupiga. Baadaye mfumo utaangalia nyuma uone Langas hakuna simu. Unajua utajifunza nini? Kwamba watu wa Langas hawaugui. Utapeleka magari yote Elgon View kwa matajiri. Na uchaguzi ukipita hakuna mtu atakayerudisha, kwa sababu ripoti yako ya Nairobi itakuwa inapendeza."

Nabwire, mhandisi kijana ambaye Amondi alimwajiri akiwa ametoka tu chuoni, aliinamia kompyuta yake asionekane anatabasamu.

Wabuge hakutabasamu. "Na dereva akipigwa mawe? Nani atampigia mke wake simu? Wewe?"

Swali hilo lilimpata vibaya. Badala ya kulijibu, Amondi alitoa jambo alilokuwa amelibeba miaka yote bila kulisema kazini.

"Januari ya 2008 mama yangu alishikwa na uchungu, Langas. Baba alipigia simu kila dereva wa teksi aliyemjua. Huko siingii, huko siingii, ndilo lililokuwa jibu. Hakuna aliyekuja. Majirani walimbeba mama kwa mkokoteni. Tulipofika hospitalini, mtoto alikuwa ameshakufa."

Amondi alimgeukia Wabuge.

"Mimi nilikuwa kidato cha pili. Nilishika taa nikaona. Kwa hivyo Bwana Wabuge, tafuta mkono mwingine. Langas haizimwi na huu wangu."

Kibet aliweka kalamu chini. Uso wake ulikuwa umebadilika, na Amondi akadhani hatimaye amemwingia.

"Nabwire ataizima," Kibet alisema.

Amondi alimgeukia msichana. "Nabwire?"

"Madam, mimi nimeambiwa tu."

"Na wewe Amondi," Kibet aliendelea, sauti yake ya chini, "pumzika hadi kura ipite. Kadi yako ya kuingilia iache hapo nje."

Hivyo ndivyo mtu aliyeijenga nyumba alivyoonyeshwa mlango wake.

* * *

Lakini Amondi si wa kwenda kimyakimya. Alimfuata Kibet hadi kwenye maegesho, akasimama kati yake na mlango wa gari.

"Hukuniangalia hata mara moja. Umemwacha huyo mtu apake kwetu rangi, halafu unanitoa mbele ya watoto niliowafundisha kazi."

"Ulisema hakuna aliyekuja," Kibet alisema.

"Ndiyo. Hakuna aliyekuja."

"Alikuja mtu."

Amondi hakuelewa.

"Baba yangu alikuwa na teksi," Kibet alisema. "Peugeot nyeupe. Siku hiyo alipigiwa simu na mteja wake, karani wa kiwanda cha nguo. Alizoea kumpeleka nyumbani siku za mvua. Aliitwa Omollo."

"Akina Omollo ni wengi."

"Wako wengi. Wa Langas ambaye bibi yake alikuwa na uchungu siku hiyo ni wangapi?"

Amondi alishika paa la gari.

"Mama alimwambia Mzee asiende. Akaenda. Mbele kidogo ya Langas vijana walikuwa wameweka mawe na matairi. Wakamuuliza anaenda kumbeba nani. Akasema mama mjamzito. Wakamuuliza, wa watu gani? Akasema hilo hakuuliza." Kibet aligusa goti lake mwenyewe. "Unamwona Mzee wangu akija ofisini. Unaona vile anatembea. Ulifikiri ni nini?"

"Ulituambia ni ajali."

"Ningesema nini?"

"Na ulijua ni sisi?"

"Nimejua leo. Ukiongea pale ndani, nikajua." Macho yake yalikuwa mekundu. "Nilianzisha hii kampuni kwa sababu yake, Amondi. Na ni kwa sababu yake siwezi kutuma mtoto wa mtu pale tena. Usiniambie mimi ni mwoga."

Maisha yake yote ya utu uzima Amondi alikuwa ameyasimamisha juu ya maneno mawili: hakuna aliyekuja. Alisoma akiwa na hasira hiyo, akaajiriwa nayo, akajenga nayo mfumo usiolala. Sasa alikuwa amesimama mbele ya mtoto wa mtu aliyekuja.

"Pole, Kibet," alisema. "Pole sana. Mwambie Mzee nimesema pole, na nimesema asante."

"Nitamwambia."

"Lakini bado haizimwi."

Kibet alifungua mlango wa gari. "Nenda nyumbani, Amondi."

* * *

Nyumbani ni Langas. Mshahara wa Amondi ungempa nyumba kwingine, lakini mama yake, Mama Ayoo, alikataa kuhama, na Amondi alikataa kuhama bila yeye. Mama alikuwa uani akianika omena, wale dagaa wa ziwani, juu ya gunia, kitambaa cheupe cha akina mama wa kanisa bado kichwani.

Amondi alimsimulia yote bila kupumua.

Mama Ayoo aliacha omena. "Peugeot nyeupe?"

"Ulimjua?"

"Sikumjua. Lakini nyara, sikiliza." Nyara kwa Kijaluo maana yake ni binti yangu, na Mama humwita hivyo jambo likiwa zito. "Siku hiyo baba yako alikata simu akaniambia, vumilia, kuna mmoja amekubali, yuko njiani. Tukangoja. Tukangoja, mimi nikishika kitanda. Alipokosa kufika ndipo jirani yetu Nyongesa wa baiskeli akaleta mkokoteni."

"Hamkuwahi kuniambia."

"Tungekuambia nini? Baba yako aliona ametupwa. Amelala kaburini akijua yule mtu alimdanganya." Mama Ayoo alijifunika uso kwa ncha ya leso. "Kumbe maskini alikuwa barabarani."

Walikaa hivyo. Kuku alikuja akadonoa omena, na hakuna aliyemfukuza.

"Mama," Amondi alisema mwishowe, "labda Wabuge anasema kweli. Mimi nikibonyeza pale ofisini, anayeumia ni mwingine."

"Huyo mzee alilazimishwa na nani?"

"Na hakuna mtu."

"Wewe unataka kumlazimisha nani?"

"Hakuna."

"Hao madereva umewauliza?"

Amondi aliwapitia kichwani mmoja mmoja. Alikuwa na data ya kila dereva. Alijua nani huendesha kasi, nani hukataa safari za jioni, nani huzima simu Jumapili. Kuwauliza hakuwa amewauliza.

"Basi waulize," Mama Ayoo alisema. "Anayeogopa akae kwake, asitukanwe. Lakini anayetaka kuja, huyo Wabuge wenu ni nani wa kumfungia njia?" Kisha akainuka. "Na huyo mzee nitamwona mwenyewe. Utanionyesha kwake."

* * *

Kulipokucha Amondi alienda kwa madereva. Ofisini hangeingia, lakini madereva hawakai ofisini. Hukutana mahali pa kuoshea magari, na hapo hakuna kadi.

"Wanataka kuzima Langas na Yamumbi," aliwaambia. "Sijaja kuwachochea. Nimekuja kuwauliza, kitu ambacho nilipaswa kufanya mapema. Nani anaweza kwenda na nani hawezi?"

Wa kwanza kujibu alikuwa Gathogo, dereva wa makamo, mtu mpole asiyependa mikutano.

"Madam, mimi nalala Yamumbi. Nyumba yetu ilichomwa hapo hapo, tukarudi tukajenga hapo hapo. Mkinikataza kwenda Yamumbi, nitalala wapi?"

Watu walicheka. Gathogo hakuwa akichekesha.

"Mimi naenda," alisema. "Lakini nataka kujua barabara ziko aje. Kitu kiliua watu wakati ule ni kuingia bila kujua."

Dereva mwingine alisema yeye ana watoto wadogo na hatakwenda. Mwingine akasema atakwenda mchana tu. Hakuna aliyezomewa. Amondi alisikiliza hadi mwisho, na alipokuwa akisikiliza, kichwa chake kilikuwa kimeanza kazi.

"Mkiona mawe barabarani mnaambiana vipi?"

"Tunapigiana simu."

"Na mkiambia mfumo? Unabonyeza mara moja: hapa pamefungwa. Gari lingine linapitishwa kando. Mwingine akipita salama, anabonyeza pamefunguka. Barabara ndiyo inafungwa, kwa muda huo tu. Mtaa wa watu haufungwi. Na safari ya huko hatumpangii mtu. Inaonekana kwa waliosema wataenda, na anayetaka anabonyeza naenda kwa kidole chake mwenyewe."

Gathogo aliitikia kwa kichwa polepole. "Hiyo nimeielewa."

Ila kulikuwa na shida moja kubwa. Mfumo ulikuwa umemfungia nje yule aliyeujenga.

"Madam."

Alikuwa Nabwire, amesimama nyuma ya gari lililojaa povu, begi la kompyuta mgongoni.

"Sijaizima," alisema. "Nimewaambia nafanya majaribio kwanza. Sikulala. Unaniambia nifanye nini?"

"Ukifanya hili watakufukuza."

"Najua. Nimeshaambia dada yangu ninaweza kurudi Busia."

Walikaa kwenye hoteli ya jirani, chai moja baada ya nyingine, Amondi akieleza, Nabwire akiandika. Gathogo aliwajaribia kwa simu yake, akizunguka mtaa na kubonyeza kila alipoambiwa. Mara ya kwanza mfumo ulimpeleka katikati ya soko. Mara ya pili ulifunga barabara zote za mji kwa sababu ya jiwe moja. Hatimaye ukatulia.

Kisha Amondi akapanda ngazi za Wahisha bila kadi, Nabwire mbele yake kumfungulia, madereva nyuma yao.

Wabuge aliinuka kitini. "Huyu mama alifukuzwa."

"Hakufukuzwa," Kibet alisema. "Alipumzishwa. Amondi, sema."

Alisema. Gathogo naye akasema, kwa maneno machache kuliko yote yaliyowahi kusemwa kwenye chumba kile. Kibet alisikiliza akiwa amesimama dirishani.

"Na mtu akiumia?" aliuliza.

"Nitakuwa hapa," Amondi alisema. "Simu ya kwanza kwa mke wake nitapiga mimi. Bwana Wabuge aliniuliza, sikumjibu. Hilo ndilo jibu."

Kibet alirudi mezani, akaketi.

"Washeni," alisema.

Wabuge alitoka na simu sikioni, akiwatafuta watu wa Nairobi.

* * *

Kura ilipigwa. Mji ukangoja. Matokeo yalipotangazwa, upande mmoja wa Eldoret ulipiga honi na upande mwingine ukafunga madirisha.

Asubuhi iliyofuata maduka mengi hayakufunguliwa. Amondi alikuwa katika chumba cha simu pamoja na Nabwire na Kageha, yule dada anayepokea simu za wagonjwa. Wabuge naye alikuwepo, amesimama nyuma yao mikono mfukoni. Watu wa Nairobi walikuwa wamempa maagizo: tatizo lolote dogo, azime mwenyewe. Kompyuta ya kuzima mfumo ilikuwa wazi mbele yake.

Simu iliingia. Kageha alisikiliza, akaziba kipaza sauti kwa kiganja.

"Madam, ni Langas. Ni mamako."

Amondi alinyakua simu. "Mama?"

"Mimi niko sawa. Ni Nekesa wa nyumba ya nyuma. Chupa ya uzazi imepasuka, na hii ni mimba yake ya kwanza. Damu iko nyingi kuliko inavyotakiwa."

"Gari linakuja."

"Nyara, usiniambie linakuja kama hujui."

Amondi alitazama skrini. Safari ilikuwa imeenda kwa madereva waliosema wataenda. Gathogo alikuwa Kaptagat na mgonjwa garini. Wengine walikuwa mbali, wengine simu zimezimwa. Hakuna aliyebonyeza.

"Unaona sasa?" Wabuge alisema taratibu, na hakusema kwa ubaya. "Umewapa matumaini. Wangejua hakuna gari, wangetafuta njia nyingine mapema."

Amondi alikuwa ameshaanza kutafuta funguo za gari lake mwenyewe mkobani.

Skrini ilibadilika rangi. Mtu alikuwa amebonyeza naenda.

Nabwire alisoma jina, kisha akalisoma tena kwa sauti. "Kibet."

"Kibet gani?" Wabuge aliuliza.

"Boss."

Wote waligeuka. Ofisi ya Kibet ilikuwa wazi na haina mtu.

"Nani alimsajili kama dereva?"

"Alijisajili," Nabwire alisema. "Juzi. Aliniambia nisiseme."

Nukta ndogo ya kijani ilikuwa ikikimbia kwenye ramani, ikishuka kutoka mjini. Ilipita njia panda bila kusita. Ikakata kushoto.

"Mama, mwambie Nekesa lipo njiani," Amondi alisema kwenye simu. "Sasa najua. Lipo."

Nukta ikapunguza mwendo. Ikasimama, mbele kidogo ya Langas. Barabara iliyo mbele yake ikageuka nyekundu: Kibet mwenyewe alikuwa amebonyeza pamefungwa.

"Mtafutie njia ya kando," Amondi alimwambia Nabwire.

"Natafuta. Hakuna, Madam. Ya nyuma imefungwa tangu alfajiri."

Wabuge aliweka mkono kwenye kompyuta yake. "Namrudisha. Nazima yote."

"Toa huo mkono."

"Amondi, huyo ni mwenye kampuni."

"Huyo ni dereva, na amebonyeza mwenyewe. Akitaka kurudi atarudi. Toa mkono, Wabuge."

Hiyo ndiyo ilikuwa mara ya kwanza kumwita bila Bwana. Wabuge alimtazama, akauondoa mkono.

Amondi alimpigia Kibet, akaweka simu kwenye spika. Simu ilipokelewa mara moja. Injini ilikuwa ikinguruma, na nje ya gari kulikuwa na sauti za watu wengi.

"Kibet, niambie, kuna nini?"

"Kuna mawe. Na kuna vijana nyuma ya mawe." Alikuwa akihema, lakini maneno yake yalitoka vizuri. "Sijui ni wa nani. Nimewaza kugeuza."

"Ukigeuza hakuna atakayekusema. Wala mimi."

"Huyo mama anaendeleaje?"

Amondi alifunga macho. Angeweza kudanganya.

"Vibaya."

Kupitia simu ilisikika hodi kwenye bodi ya gari, mara moja, kisha tena, ya mtu anayegonga kwa ngumi.

"Mmoja amekuja mlangoni," Kibet alisema. "Anataka tuongee. Usikate simu."

"Sikati."

Kageha alishika msalaba wa shingoni. Nabwire aliacha kuandika. Na katika chumba kile kimya, wote wanne wakasikia kioo cha gari kikiteremshwa. Kilichofuata, tukutane Jumapili ijayo.